Kutoka Nairobi Hadi Lübeck: Jinsi ya Kujiunga na Safari ya Miguu ya Wapenzi wa Muziki

Mwishoni mwa mwaka 1705, kijana wa miaka 20 aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa moja mjini Arnstadt, Ujerumani, aliomba likizo ya majuma manne, akamwachia binamu yake zamu zake, akafunga safari ya kilomita 400 hivi kwa miguu hadi Lübeck ili amsikilize mzee Dieterich Buxtehude, mpiga kinanda na mtunzi mashuhuri wa huko. Majuma manne yaligeuka kuwa karibu miezi minne, na aliporejea, wakubwa wa kanisa walimwita aeleze alikokuwa. Kijana huyo alikuwa Johann Sebastian Bach. Hadi leo wapo wapenzi wa muziki kutoka nchi mbalimbali wanaojiunga katika makundi kutembea vipande vya njia ile, wakilala katika miji midogo na kuimba makanisani.

Mimi ni mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa hapa Nairobi, na nimewahi kutembea kipande cha mwisho cha njia hiyo, kutoka Lüneburg hadi Lübeck, pamoja na kundi la watu ambao hatukuwa tumeonana kabla. Tangu niliporudi, wanakwaya wenzangu wameniuliza maswali mengi, nami nimeona heri niyajibu kwa maandishi. Nitatumia njia ya Bach kuwa mfano, ingawa karibu kila nitakachokieleza kitamfaa pia yule anayetamani kutembea kando ya ziwa Attersee nchini Austria, ambako Gustav Mahler alikuwa na kibanda cha kutungia muziki, au anayetaka kusikiliza nyimbo za Schubert katika tamasha la Schwarzenberg na kupanda vilima vya Bregenzerwald siku inayofuata.

Soma kilomita kabla ya kusoma majina ya watunzi

Matangazo ya safari hizi huanza na muziki, nao muziki ndio unaotutia tamaa. Yanayoamua kama utaifurahia safari yameandikwa chini kwa herufi ndogo: kilomita za kila siku, mita za kupanda, idadi ya siku za kutembea mfululizo bila mapumziko, na kama mizigo mikubwa itasafirishwa kwa gari au utaibeba mwenyewe mgongoni. Kilomita 20 kwa siku haziwezi kumshangaza Mnairobi anayetoka Kawangware alfajiri kwenda Industrial Area kwa miguu, na mtu huyo hahitaji ushauri wangu. Lakini sisi tunaopanda matatu hadi mlangoni mwa ofisi tunapaswa kujiuliza kama tunaweza kutembea kilomita 20 leo, 22 kesho na 18 keshokutwa, kisha jioni tubaki na nguvu ya kukaa macho katika tamasha la saa mbili.

Njia yenyewe hutofautiana sana kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kusini, katika Msitu wa Thuringia, kuna vilima na njia maarufu ya Rennsteig yenye urefu wa kilomita 170 hivi. Katikati kuna milima ya Harz, na kilele chake, Brocken, kina mita 1,141. Kipande cha kaskazini, kati ya Lüneburg na Lübeck, ni tambarare, nacho hufuata Barabara ya Kale ya Chumvi, ambayo karne nyingi zilizopita ilipitisha chumvi ya Lüneburg kwenda bandari ya Lübeck kupitia Lauenburg, Mölln na Ratzeburg. Kwa mtu ambaye hajawahi kusafiri hivi, ningependekeza kaskazini bila kusita.

Baada ya kilomita, uliza kuhusu muziki, na uulize kwa undani. Je, tiketi za matamasha zimo katika bei? Nani atapiga kinanda, na saa ngapi? Safari inayopita Leipzig ikiwa imepangwa vizuri itafika Kanisa la Mtakatifu Thomas siku ya Ijumaa saa 12 jioni au Jumamosi saa 9 alasiri, ambapo kwaya ya wavulana huimba moteti, yaani nyimbo za kidini za sauti nyingi. Iliyopangwa vibaya itafika wakati wa likizo za shule, nawe utaishia kupiga picha kaburi la Bach na kuondoka. Anayependa tamasha kubwa asubiri Juni, mwezi wa Bachfest, tamasha la muziki wa Bach la Leipzig. Anayependa makanisa madogo ya Thuringia aangalie majuma ya Pasaka.

Jambo jingine ambalo tangazo huenda lisiliseme ni kwamba vinanda alivyopiga Buxtehude katika Kanisa la Mtakatifu Maria, Lübeck, havipo tena. Viliteketea usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi 1942, mji uliposhambuliwa kwa mabomu. Kengele kubwa za kanisa zilianguka kutoka mnarani usiku uleule, na vipande vyake vimeachwa palepale sakafuni vilipoangukia, vimepasuka na kuzama katika mawe. Nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya kinanda kipya. Lakini kama nia yako ni kuona mbao alizozigusa Bach mwenyewe, nenda Arnstadt, ambako kinanda alichokikagua mwaka 1703 kimekarabatiwa, na meza yake ya awali yenye safu za vibonyezo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji huo.

Malipo ya awali

Usitume pesa kabla hujajibiwa kwa maandishi swali moja: nikinyimwa viza, nitarudishiwa kiasi gani? Mwandaaji wa Ulaya mara nyingi hajawahi kufikiria swali hilo, kwa sababu wateja wake wengi hawahitaji viza, kwa hiyo usishangae akichelewa kujibu. Yule niliyesafiri naye aliniambia kwanza kwamba malipo ya awali hayarudishwi kamwe. Nilipomweleza kuwa uamuzi haumo mikononi mwangu wala mwake, alikubali kurudisha yote isipokuwa ada ndogo ya kazi, akaiandika katika barua pepe. Barua pepe hiyo niliichapisha na kuiweka pamoja na pasipoti.

Sheria ya Ujerumani inakusaidia mahali pamoja muhimu. Mwandaaji anayeuza safari kamili, yenye malazi na huduma nyingine kwa bei moja, hana ruhusa ya kupokea pesa kabla safari haijaisha mpaka awe amekupa hati ya dhamana, iitwayo Sicherungsschein, inayothibitisha kwamba akifilisika pesa zako zitarudishwa. Iombe kwa jina hilo. Asiyeweza kuitoa anaweza kuwa mtu mwema kabisa, pengine ni chama cha marafiki kisicho na leseni ya biashara, lakini utakuwa umejua unaingia wapi. Malipo ya awali kwa kawaida huwa sehemu ya tano ya bei, na salio hulipwa mwezi mmoja hivi kabla ya kuondoka. Kwa kulipa, kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay hurahisisha mambo. Ukituma kutoka benki hadi benki, uliza ni nani atakayebeba ada za benki za katikati, maana nimeona mtu akidaiwa euro 15 zilizopotelea njiani.

Viza, au kwa nini kalenda yako si kalenda yao

Wenzako wa Kanada na Japani wanaweza kujiandikisha Agosti na kutembea Septemba. Wewe huwezi. Mkenya anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia Ujerumani na nchi nyingine nyingi za Ulaya, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini huweza kuchukua hadi siku 45, na hesabu hiyo huanza siku maombi yanapopokelewa, baada ya kupata miadi, ambayo huwa adimu miezi ya kuelekea kiangazi cha Ulaya. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma: kwa safari ya Septemba, uwe umechagua kundi kufikia Februari na uwe umewasilisha maombi kufikia Mei au Juni.

Anza na pasipoti. Ni lazima iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iendelee kuwa halali angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu. Ikiwa yako imekaribia mwisho, jaza maombi kwenye eCitizen na uende Nyayo House kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kabla ya kufanya jambo lingine lolote, kwa sababu namba ya pasipoti ndiyo itakayoandikwa katika kila karatasi inayofuata.

Ada ya viza kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi hata ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya thamani isiyopungua euro 30,000, itambulike katika nchi zote za Schengen, na igharamie matibabu ya dharura pamoja na kurudishwa nyumbani. Hapa kuna mtego mdogo: baadhi ya bima zinazouzwa Nairobi hutimiza masharti ya ubalozi huku zikiondoa kutembea milimani katika orodha ya yanayolipiwa. Soma ukurasa wa yasiyolipiwa, na ikiwa lugha yake inateleza, mtake wakala akuandikie kwamba kutembea kwenye njia zilizowekwa alama kunalipiwa.

Maombi yapelekwe kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukitembea siku saba Ujerumani na kupumzika mbili Austria, ombi lako ni la Ujerumani, hata kama ndege inatua kwanza Vienna.

Sasa nije kwenye hati inayowasumbua watembeaji kuliko watalii wengine, nayo ni uthibitisho wa malazi. Mtalii wa kawaida hutoa jina la hoteli moja. Wewe utalala mahali tofauti karibu kila usiku, pengine nyumba ya wageni leo na ukumbi wa parokia kesho, na ofisa wa viza atataka kuona kila usiku una anwani. Mwombe mwandaaji barua moja yenye jina lako kama lilivyo katika pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe zote, na jedwali la malazi usiku kwa usiku likiwa na anwani na simu, pamoja na maelezo kwamba gharama zimelipwa. Ombi langu la kwanza lilirudishwa kwa sababu usiku wa tatu haukuwa na anwani; ilikuwa nyumba ya mchungaji, na mwandaaji aliona si adabu kuiandika.

Ongeza taarifa za benki za miezi ya karibuni zinazoonyesha mshahara ukiingia kama kawaida, kwa kuwa fungu kubwa lililowekwa juma moja kabla ya maombi huzua maswali. Ongeza pia barua ya mwajiri inayotaja cheo chako, tarehe za likizo na siku ya kurudi kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo kamili, kwa hiyo safari ya siku 10 inaingia bila kumnyenyekea mtu. Kama umejiajiri, hati za usajili wa biashara na za ushuru zitashika nafasi ya barua hiyo. Barua ya mchungaji au ya mwenyekiti wa kwaya si ya lazima, lakini inaeleza vizuri kwa nini mtu wa Nairobi anataka kutembea kwenda Lübeck, jambo ambalo ofisa ana haki ya kulishangaa.

Usinunue tiketi ya ndege kabla ya viza. Nafasi iliyoshikiliwa inatosha.

Miguu na viatu

Mapafu yako hayatakuwa na shida. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Brocken hakifiki hapo. Kinachohitaji kufundishwa ni nyayo, magoti na mabega, na mafunzo hayo yanahitaji miezi mitatu. Anza Karura, ambako njia ni laini na unaweza kuzunguka kilomita 12 au 15 bila kutoka nje ya lango. Mwezi wa pili panda matatu namba 111 hadi Ngong, ukatembee juu ya vilima vyote saba hadi Kona Baridi. Nenda na kundi na ufuatane na askari wa msitu, maana upweke wa kule si wa kuuchezea. Mwezi wa tatu tembea Jumamosi na Jumapili mfululizo, kwa sababu mwili hujifunza safari siku ya pili, pale unapovaa viatu ukiwa bado na maumivu ya jana. Beba mkoba uleule utakaousafiria, ukiwa na uzito uleule. Na ikiwa mafunzo yataangukia masika, shukuru: koti la mvua lisilowahi kunyeshewa Ngong halijapimwa.

Kuhusu viatu nilijifunza kwa aibu. Nilinunua buti za mitumba katika soko la Toi kwa bei iliyonifurahisha, ngozi nzima, kamba mpya, na soli ambayo ilionekana haijakanyaga hata changarawe. Siku ya pili ya safari, kabla ya kufika Mölln, nilisikia mguu wa kushoto ukipiga kofi kila hatua. Nilipoinama, soli ilikuwa imeachama kuanzia kidoleni hadi katikati ya wayo, na ndani yake povu la rangi ya maziwa lilikuwa likidondoka kama makombo ya mandazi. Nilimaliza kilomita tisa nikiwa nimeizungushia utepe wa gundi. Fundi wa viatu niliyemwendea baadaye alinieleza sababu: lile povu lililo katikati ya soli huozeshwa polepole na unyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa, hivyo buti iliyokaa kabatini miaka kumi inaweza kung'aa nje ikiwa imekwisha kufa ndani. Tangu hapo, nikiwa Toi au Gikomba, huikunja soli kwa nguvu na kubonyeza ubavu wake kwa ukucha. Ikipasuka au ikiacha alama isiyorudi, naiacha. Buti itakayopita mtihani huo itembezwe kilomita 60 hapa nyumbani kabla ya kupanda ndege.

Soksi za sufu, mbili za kubadilisha, zina thamani kuliko fimbo za kutembelea. Pakaa mafuta ya mgando kati ya vidole asubuhi, na ukihisi sehemu inapata moto, simama uibandike plasta palepale, hata kama kundi zima litakusubiri. Lengelenge halingoji adabu. Mwishoni mwa Septemba na Oktoba chukua nguo za baridi kama unakwenda Limuru mwezi wa Julai, kisha uongeze sweta moja. Katika misitu na nyasi ndefu za Ujerumani kuna kupe wanaoweza kuleta ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo vaa suruali ndefu na ujikague kila jioni, hasa nyuma ya magoti na kiunoni.

Wenye solfa wajiandae mapema

Makundi mengi ya aina hii huimba. Kiongozi hugawa karatasi za koraali, yaani nyimbo za kanisa, za sauti nne, na jioni kundi husimama nusu duara katika kanisa la kijiji na kuimba. Karatasi hizo zimeandikwa kwa nota za mistari mitano, ilhali wengi wetu tulilelewa na solfa, ile ya do-re-mi inayoandikwa kwa herufi. Si aibu, ila usingoje kufika. Omba nyimbo miezi miwili mapema, kisha keti na mwalimu wa kwaya mzigeuze. Kazi hiyo ina ugumu wake, kwa kuwa Bach hubadilisha ufunguo katikati ya mstari, na do inapohama, besi ndiyo inayoachwa ikining'inia. Weka alama ya daraja kila mahali do inapohamia. Wakubwa wa Arnstadt nao walimlalamikia kwamba anaingiza sauti ngeni katika koraali hadi waumini wanachanganyikiwa, kwa hiyo ukipotea kidogo hutakuwa wa kwanza.

Katika kanisa moja dogo karibu na Ratzeburg, mama mmoja Mkanada wa sauti ya alto aliinama akatazama karatasi yangu yenye herufi na nukta mbilimbili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hiyo ni lugha ya kwetu. Nilimwimbia mstari wake wa alto kutoka kwenye solfa yangu, polepole, naye akacheka hadi kiongozi akageuka.

Matamshi ya Kijerumani hayatakushinda, kwa sababu irabu zake tano za kawaida zinakaribiana na zetu. Fanyia mazoezi ü na ö tu.

Mengine ni madogo. Beba euro taslimu, kwani baadhi ya nyumba za wageni za vijijini hazipokei kadi. Nunua chakula cha Jumapili siku ya Jumamosi, kwa kuwa maduka mengi hufungwa. Wakisema mnaondoka saa mbili na nusu asubuhi, uwe umefunga kamba za viatu saa mbili na dakika ishirini na tano. Anayetaka chumba cha peke yake atalipa zaidi, na kwa mtu anayekoroma ningesema alipe.

Siku ya kurudi

Usipange kupanda ndege jioni ileile mnayofika Lübeck. Ongeza siku moja au mbili, na uziandike katika maombi ya viza tangu mwanzo ili ziingie katika hesabu. Viza ikitoka, isome kwa makini, kwa sababu ina hesabu mbili zinazowachanganya wengi: tarehe za mwanzo na mwisho wa uhalali, na idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Tarehe za uhalali mara nyingi huongezwa siku 15 ili kukulinda ndege ikiahirishwa, lakini siku za kukaa haziongezwi pamoja nazo. Ukipewa siku 12 ndani ya kipindi cha siku 27, ni 12 tu, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili kuingia na kutoka kwa alama za vidole na picha badala ya mhuri, hivyo siku iliyozidi itaonekana papo hapo. Bach aliomba majuma manne, akakaa karibu miezi minne, na hakufukuzwa kazi. Wewe rudi siku ya 12.